Mchimba Kisima na Mkemia wa Plutoni

Miongoni mwa mas'ala ambayo mafakihi wameyazungumza kwa karne nyingi, na ambayo wanafunzi huyasoma wangali wadogo wasijue uzito wake, limo lile la mtu aliyechimba kisima katika njia ipitwayo na watu. Akitokea mtu wa pili akamsukuma wa tatu kisimani akafa, dhamana humwangukia msukumaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyetenda kwa mkono wake; na mchimbaji, ijapokuwa bila ya kisima chake mauti yale yasingepatikana, huhesabiwa kuwa ni sababu tu, na sababu hukaa nyuma pale mtendaji anapokuwapo. Kanuni hii imo hata katika Majalla, mkusanyo wa sharia za dola ya Uthmania uliotungwa katika karne ya 19. Lakini mas'ala yale yana upande wa pili, ambao aghalabu husahauliwa: ikiwa hapana msukumaji, mpita njia akatumbukia mwenyewe gizani, na kisima chenyewe kilichimbwa katika njia ya umma bila ya idhini, basi mchimbaji hana mtu wa kujificha nyuma yake, na dhamana ni yake.

Nimeyarejea mas'ala haya kwa sababu ya swali la kijana mmoja wa mtaa wetu wa Buyenzi, jijini Bujumbura, asomaye kemia katika Chuo Kikuu cha Burundi, ambaye baada ya sala ya alasiri alinisogelea akaniuliza, "Maalim, mtu akimaliza umri wake kutenganisha urani na plutoni, kisha wengine wakaichukua plutoni ile wakaundia bomu, dhambi ni ya nani?" Nikamjibu, "Mwanangu, kadhi hahukumu asilolijua. Nipe nafasi niisome kazi yenyewe, nijue mkono wa mtu huyo ulifanya nini hasa." Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyapata kwa kusoma na kutafakari, na siyaandiki kwa ajili yake peke yake, kwani jambo hili, ambalo hudhaniwa kuwa ni la Wazungu na Wajapani, lina mizizi katika ardhi yetu na ya jirani zetu.

Kazi ya mkemia wa vitu vyenye mionzi haifahamiki kwa kusemwa kwa jumla, basi na tumchukue mtu mmoja aliyeifanya maisha yake yote na ambaye amali yake imeandikwa wazi. Glenn Seaborg alizaliwa tarehe 19 Aprili 1912 katika mji wa Ishpeming, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Akasoma kemia, akaingia katika maabara za Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakati mashine ya Ernest Lawrence, ambayo kazi yake ilikuwa kuvurumisha chembe za atomi kwa kasi kubwa mno, ilipokuwa ikizaa vitu visivyopata kuonekana na binadamu. Mwaka wa 1938 yeye na mwenziwe John Livingood walizitambua iodini-131 na kobalti-60. Msomaji asiipite habari hiyo kwa haraka. Iodini-131 hutumika hadi leo kutibu maradhi ya tezi ya shingo, na mama yake Seaborg mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopata nafuu kwa tiba hiyo. Na kobalti-60 ndiyo iliyokuwa roho ya mashine zilizotibu saratani katika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi, pamoja na ile ya hospitali ya Mulago, Kampala, ambayo ilipoharibika kabisa mwaka wa 2016 iliwaacha wagonjwa wa Uganda na wa nchi jirani katika madhila hadi mashine mpya ilipoanza kazi mwanzoni mwa 2018. Mgonjwa wa kwetu aliyeuza shamba apate nauli ya kwenda Kampala, au hospitali ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, hakupata kulisikia jina la Livingood wala la Seaborg. Walakini mionzi iliyoelekezwa kwenye uvimbe wake ilikuwa ni tunda la elimu yao.

Ilipofika usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Februari 1941, Seaborg na wenzake Arthur Wahl na Joseph Kennedy walithibitisha kwa burhani za kemia kwamba wameipata elementi ya 94, iliyokuja kuitwa plutoni. Mwaka uliofuata, siku ile ile aliyotimiza miaka 30, Seaborg aliwasili Chicago kuifanya kazi ambayo jina lake lingeambatana nayo daima, nayo ni kutafuta njia ya kuitoa plutoni ndani ya urani iliyokwisha kukaa katika kinu cha nyuklia. Ugumu wa kazi hiyo ulikuwa katika uchache. Plutoni iliyokuwapo duniani wakati ule ilikuwa haba hata haionekani kwa jicho, wala haikuweza kutuama yenyewe chini ya chombo kama vitu vingine vinavyotuama. Ilihitaji mchukuzi, yaani kitu kingine chenye tabia inayokaribiana na yake, kikitiwa majini kiikumbatie na kuteremka nayo. Mchukuzi waliyemtegemea alikuwa floridi ya lanthani. Lanthani huteremka, plutoni huteremka pamoja nayo. Kisha hali ya kikemia ya plutoni hubadilishwa, ikamwacha mchukuzi wake, na lanthani ikatolewa peke yake. Kwa kurudiarudia hivyo, tarehe 20 Agosti 1942, plutoni iliyotengwa na mchukuzi wake ilionekana kwa mara ya kwanza, na tarehe 10 Septemba, katika chumba namba 405 cha maabara ya Jones ya Chuo Kikuu cha Chicago, Burris Cunningham na Louis Werner wakaipima oksidi yake kwa mizani iliyofanywa kwa uzi mwembamba wa kwatzi, wakapata mikrogramu 2.77. Kutoka kipimo hicho iliwapasa wafike kwenye kilogramu, yaani mara bilioni moja, tena kwa kazi ambayo mikono ya watu haikuweza kuigusa, ikifanywa kwa mitambo nyuma ya kuta nene za saruji huko Hanford, katika jimbo la Washington.

Hapa sina budi nisimame kidogo kwenye lanthani. Kiasi cha kilomita 20 kusini-mashariki ya Bujumbura, katika vilima vya Gakara na Karonge, mna mishipa ya mawe mazito yenye rangi ya manjano iliyoiva hadi kahawia, ambayo mtu akiyanyanyua hushangaa jinsi uzito wake unavyozidi ukubwa wake. Mawe hayo ni bastnasaiti na monazaiti, na yamejaa lanthani, seri na ndugu zao wanaoitwa madini adimu. Yaligunduliwa mwaka 1936, yakachimbwa tangu 1948 hadi 1978. Sisemi kwamba lanthani ya Chicago ilitoka Gakara, tarehe zinakataa. Nisemalo ni kwamba undugu ule wa tabia, ambao kwao lanthani huichukua plutoni, ndio uliomfungulia Seaborg mlango mkubwa wa fikira zake: mwaka 1944 alileta hoja kwamba thori, urani, plutoni na elementi zinazofuata ni ukoo mmoja unaokwenda sambamba na ukoo wa madini adimu, na kwa hoja hiyo, ambayo baadhi ya wakubwa wa elimu walimwonya asiitangaze, jedwali la elementi lilibadilishwa sura yake kote duniani. Tuzo ya Nobel ya kemia aliyopewa mwaka 1951 pamoja na Edwin McMillan ilitokana na ugunduzi wao katika kemia ya elementi zinazoifuata urani. Basi mtoto wa Burundi akionyeshwa jiwe la Gakara ameonyeshwa mfano wa undugu huo, lau angekuwapo wa kumfunulia.

Na urani yenyewe ilikotoka, kwa sehemu kubwa, tunakujua. Ni Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ambayo Kiswahili ndicho lugha ya machimbo na masoko yake. Kampuni ya Union Minière ilichimba hapo kwanza kwa ajili ya radi, elementi iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie, na kiwanda chake cha Olen, Ubelgiji, kikaanza kuitoa mwaka 1922. Urani ilikuwa masalio tu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, aliagiza mawe zaidi ya tani 1,000 yapelekwe New York, yakawekwa katika ghala huko Staten Island, na Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols akayanunua kwa ajili ya jeshi la Marekani. Mengine kati ya mawe yale yalikuwa na asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali migodi mingi ya kwingine ilikuwa haifiki hata asilimia moja. Sengier alipewa nishani mwaka 1946. Watu wa Katanga walioyachambua mawe hayo kwa mikono yao hawakupewa nishani wala hadhari.

Tarehe 9 Agosti 1945 bomu lenye kiasi cha kilogramu 6 za plutoni liliangushwa Nagasaki. Nani alikuwa msukumaji? Sharia ya dunia ingejibu bila ya kusitasita kwamba ni aliyeamuru na aliyetekeleza, na mkemia wa Chicago angetoka mahakamani huru, akiwa ni mchimba kisima ambaye mtu mwingine alimsukumia mwenziwe humo. Hata hivyo Seaborg mwenyewe hakutosheka na hoja hiyo. Mnamo Juni 1945, kabla bomu halijaangushwa, alikuwa mmoja wa wanazuoni saba waliotia saini waraka uliojulikana kwa jina la James Franck, wakiishauri serikali yao isiitumie silaha ile kwa Wajapani ghafula, bali iionyeshe kwanza mbele ya wajumbe wa mataifa mahali pasipo na watu. Ushauri haukufuatwa. Wako wanaoidharau saini ile wakisema ilichelewa, na ni kweli kwamba ilikuja baada ya elimu kukwisha kutoka mkononi mwake. Lakini mimi naiona kuwa ni ushahidi mzito, kwani mtu hatii saini kuomba jambo lisitendwe ikiwa nafsi yake inamwambia kwamba halimhusu.

Wako pia wanaosema kwamba mwanachuoni huondoa pazia tu, kwamba plutoni ilikuwapo katika uwezekano wa maumbile tangu Mungu alipoumba, na kwamba asingeipata huyu angeipata yule. Neno la kwanza ni kweli na halimtoi mtu katika taklifu, kwa sababu pazia lile halikujiondoa. Na neno la pili likikubaliwa basi hapana amali yoyote duniani, ya heri wala ya shari, itakayobaki na mwenyewe, kwa kuwa kila tendo lina mtu mwingine ambaye angeweza kulitenda. Kuhusu nia, dini yetu inatufundisha kwamba amali hupimwa kwayo, na nia ya wakemia wale, waliokuwa wakihofu kwamba Ujerumani ya Hitler ingewatangulia, haikuwa nia ya kuua watu wa Nagasaki. Mimi sina mizani ya kupima kifua cha mtu, na siku yake itafika mbele ya Mwenye mizani hiyo. Walakini nia haifuniki kisima. Aliyechimba kwa nia njema na aliyechimba kwa nia mbaya, visima vyao vina kina kile kile, na atumbukiaye hafi kidogo kwa sababu mchimbaji alikuwa mwema.

Hilo ndilo linalonipeleka upande wa pili wa mas'ala, upande usio na msukumaji, na ambao, kwa maoni yangu, ndio ulio mzito zaidi kwa watu wa fani hii. Ulimwengu umezungumza sana juu ya bomu, hata umesahau kuuliza habari za kile kinachobaki chomboni baada ya plutoni kutolewa. Anayewajua watu wa Rumonge wanavyokamua mawese, jinsi mafuta mekundu yanavyopanda juu na maji yenye machicha yakabaki chini, amekwisha kuifahamu nusu ya kazi hii. Nondo za fueli iliyotumika katika kinu hukatwa vipande, huyeyushwa katika tindikali ya nitriki, kisha tindikali ile hutikiswa pamoja na kimiminiko cha mafuta, nacho ni tributili fosfeti iliyochanganywa na mafuta ya taa. Urani na plutoni hupanda katika mafuta, na vipande vya atomi zilizopasuka, kama sesi na stronti, hubaki katika tindikali. Njia hiyo, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1940 na kuanza kutumika kwa wingi katika kiwanda cha Savannah River mwaka 1954, ndiyo inayotumika Ufaransa, na ilitumika Uingereza kwa miaka mingi. Ni kazi nzuri ya akili, wala siwezi kuisoma bila ya kustaajabu. Ila tindikali ile iliyobaki, ichemkayo kwa joto lake yenyewe na yenye mionzi ya kuua, haina soko wala mnunuzi, na Hanford peke yake iliachiwa zaidi ya lita milioni 200 za mabaki hayo katika matangi 177 chini ya ardhi, ambayo baadhi yake yamevuja.

Mbali na Hanford, katika milima ya Ural, Warusi nao walijenga kiwanda chao cha plutoni cha Mayak, na tangu mwaka 1949 mabaki yake yalimwagwa katika mto Techa. Kando ya mto huo kilikuwako kijiji cha Muslyumovo, kijiji cha Watatari, Waislamu, watu wa ng'ombe na bustani, ambao walichota maji ya mto kama wazee wao walivyokuwa wakichota, wakanywa, wakanywesha mifugo, na watoto wao wakaoga humo wakati wa joto. Hawakuambiwa. Kiwanda kilikuwa siri, kwa hiyo maradhi nayo yakawa siri. Vijiji vingine vya ukingoni vilihamishwa, lakini Muslyumovo iliachwa hapo kwa miongo mingi. Tarehe 29 Septemba 1957 tangi moja la mabaki katika kiwanda hicho hicho, baada ya mtambo wake wa kupoza kuharibika, liliripuka, na wingu lake likaanguka juu ya maelfu ya kilomita za mraba. Hilo nalo halikutangazwa. Katika habari zote hizi, na mtu anionyeshe msukumaji. Hapakuwa na vita pale, hapakuwa na ndege, hapakuwa na amri ya kuua. Palikuwa na kisima katika njia ya umma, usiku, bila ya taa, na wapita njia.

Najua jibu litakalotolewa: mchimbaji hahukumiwi ikiwa alichimba kwa idhini ya mtawala na kwa maslahi ya wote, na viwanda hivi, cha Hanford na cha Mayak, vyote vilijengwa na serikali zenye mamlaka. Fikihi inalijua sharti hilo, nami silikatai. Lakini idhini ina mipaka ya yule anayeitoa. Mtawala hutoa idhini juu ya njia za raia zake, akizingatia maslahi yao, tena kwa dhahiri, ili ajuaye apite kando. Plutoni-239 huhitaji miaka 24,100 ili nusu yake tu iishe; ukirudi nyuma muda kama huo hukuti Misri ya Mafirauni, hukuti hata mkulima mmoja duniani. Ni sultani gani, ni rais gani, ni bunge gani lenye wilaya juu ya njia za watu watakaopita huko mbele umbali kama huo, ambao hawakuzaliwa, hawana wakili, wala hawajui lugha ambayo kibao cha hadhari kimeandikwa? Idhini hiyo haikupata kuwapo, kwa kuwa mwenye kuitoa hakupata kuwapo. Na idhini ya Mayak ilikuwa batili zaidi, maana ilifichwa kwa wapita njia wenyewe. Kwa hiyo hukumu yangu, hukumu ya mtu aliyesoma kidogo wala si fatwa, ni hii: mkemia wa plutoni ana udhuru mkubwa kidogo mbele ya Nagasaki kuliko alio nao mbele ya tangi. Huko Nagasaki wako waliosimama baina yake na maiti. Tangini hapana mtu.

Kusema hivyo si kusema kwamba elimu hii ni haramu. Imam Ghazali, katika kitabu chake kikubwa cha Ihyaa, aliihesabu elimu ya tiba na ya hesabu kuwa ni fardhi kifaya, yaani wajibu ulio juu ya jamii nzima, ambao wakiutimiza wachache wengine husameheka, na ukiachwa na wote basi wote wamo katika makosa. Mimi naona kwamba kisima kilichokwisha kuchimbwa kinaifanya elimu ya kukifunika kuwa fardhi ya namna hiyo hiyo, na elimu ya kukifunika si nyingine ila ni elimu ile ile iliyokichimba. Hakuna mwanasheria awezaye kuitenga sesi na tindikali. Hakuna mhubiri awezaye kuiyeyusha takataka ile ndani ya kioo, kama ifanywavyo siku hizi, ili isivuje. Na Wafini walipochimba Onkalo, katika mwamba wa zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, waweke humo fueli iliyotumika, walitegemea watu wa kemia na wa miamba. Seaborg alikaa miaka kumi, 1961 hadi 1971, akiwa mwenyekiti wa tume ya nishati ya atomi ya Marekani, akawamo katika ujumbe uliokwenda Moscow mwaka 1963 kutia saini mkataba wa kusimamisha majaribio ya mabomu hewani, katika bahari na katika anga za juu. Na majaribio ya chini ya ardhi yaliendelea katika zama zake, na matangi ya Hanford yaliendelea kujazwa. Alipokufa mwaka 1999 kazi ya kuyasafisha ilikuwa bado changa. Laiti nusu ya akili iliyotumika kutafuta mikrogramu zile ingalitumika tangu siku ya kwanza kufikiri juu ya tangi.

Afrika yetu nayo haikukaa nje ya habari hizi. Padri Luc Gillon, Mbelgiji, aliyekuwa kasisi na mtaalamu wa fizikia ya nyuklia kwa pamoja, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, na kwa juhudi yake kinu cha kwanza cha nyuklia barani kiliwashwa huko mwaka 1959, kidogo, cha utafiti na cha kutengenezea vitu vya tiba. Namheshimu kwa kuamini kwamba Mwafrika anastahili kuifikia elimu hii, wakati wengi waliovaa kanzu kama yake waliona katekisimu inatosha. Kinu cha pili, chenye nguvu zaidi, kilikuja mwaka 1972. Lakini katika miaka iliyofuata nondo mbili za fueli zilipotea, na moja ikakamatwa nchini Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Kilichokosekana hapo ni walinzi wa amana, mishahara yao, na serikali iliyotulia, mambo ambayo hayamo katika kitabu cha kemia.

Sisi wa Burundi tuna sehemu yetu, tena ya fahari, na inasikitisha kwamba wachache huijua. Mkataba wa Pelindaba, unaoharamisha silaha za nyuklia katika Afrika nzima na kukataza mabaki yenye mionzi kutupwa humu, ulitiwa saini Kairo mwaka 1996, ukakaa miaka 13 ukingoja idadi ya nchi 28 zitakazouridhia. Nchi ya 28 ilikuwa Burundi, na tarehe 15 Julai 2009, ilipoikabidhi hati yake, mkataba ukaanza kufanya kazi. Nchi ndogo isiyo na kinu wala bomu ilikuwa ndiyo iliyoufunga mlango wa bara zima. Natamani jambo hilo lifundishwe katika shule zetu kama vifundishwavyo vita vya mfalme Mwezi Gisabo.

Lakini mkataba huo huo unataka elimu ya nyuklia kwa matumizi ya amani ikuzwe, na hapo ndipo tulipolala. Uchimbaji wa Gakara ulianza tena, na shehena ya kwanza ikasafirishwa mwishoni mwa 2017. Mwaka 2021 serikali ikasimamisha usafirishaji, na kisha uchimbaji wenyewe, ikisema nchi haipati bei ya haki. Yaliyokuwa yakitoka ni mawe yaliyosafishwa kidogo tu, lanthani na seri na neodimi zikiwa zimekumbatiana, zitenganishwe ng'ambo. Mtu asiyeweza kutenganisha hawezi kujua anauza nini. Na siku tutakapotenganisha wenyewe, jambo ambalo naliombea, tutakutana na mas'ala yale yale kwa udogo wake: monazaiti kwa tabia yake hubeba thori, ingawa ya Gakara inasifiwa kuwa na kiasi kidogo, na lanthani ikitoka, thori hubaki katika masalio, nayo huhitaji miaka bilioni 14 ili nusu yake iishe. Mito ya milima ile huteremkia Tanganyika, ziwa ambalo mji wetu hunywa maji yake, na ambalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kwa hiyo kinachoingia humo hakina haraka ya kuondoka.

Basi mkataba wowote utakaoandikwa juu ya vilima vile na uanze na kifungu cha masalio kabla ya kifungu cha bei: thori itakayotengwa itakaa wapi, itapimwa na nani na mara ngapi kwa mwaka, nani ataigharimia baada ya kampuni kuondoka, na Mrundi yupi, aliyesomeshwa kazi hiyo kwa fedha ya madini yenyewe, atakayeweza kwenda na kipimo chake mkononi kwenye kijiji cha chini ya mlima na kuwaambia watu kwa lugha yao kilichomo katika maji yao.